Kumbukumbu za Kampuni ya Picha na Historia ya Msamiati: Mfano wa Obunga, Kisumu

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumbukumbu za biashara ni chanzo muhimu cha historia ya lugha, ila chanzo hicho husimulia upande mmoja tu. Mfano wetu ni kampuni ya Kodak. Na mahali pa kuupimia mfano huo ni mtaa wa Obunga, Kisumu.

Jina Kodak lilibuniwa na Mmarekani George Eastman na kusajiliwa mwaka 1888. Tangazo lake mashuhuri liliahidi kwamba mteja angebonyeza kitufe tu, na kazi iliyosalia ingefanywa na kampuni. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1910, mchoraji John Hassall alimchora msichana wa Kodak, mwenye gauni la mistari ya buluu na nyeupe. Nyaraka za kampuni ya Uingereza, iliyofungua kiwanda Harrow mwaka 1891, zilikabidhiwa Maktaba ya Uingereza mwaka 2009. Mtafiti anayetaka kujua muuzaji alisema nini ana pa kwenda.

Mnunuzi je? Katika matangazo hayo mteja ndiye mtendaji: kamera i mkononi mwake. Afrika Mashariki watu wengi waliijua picha kwa njia ya studio, kama ile ya N. V. Parekh kule Mombasa, au Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930. Hapo mteja hakupiga picha, bali alipigwa. Kisha filamu ilisafishwa, au ilioshwa kama wasemavyo wengine. Vitenzi hivi vimetokana na maji na dawa za chumba cha giza. Kwa hiyo kazi ileile ambayo tangazo liliificha ndiyo iliyopewa jina na Kiswahili.

Obunga inatuongezea swali jingine. Wakazi wake wengi huzungumza Kijaluo pamoja na Kiswahili, na katika Kijaluo kupiga picha ni *goyo picha*, ambapo *goyo* ni kupiga. Je, huu ni mkopo wa tafsiri kutoka Kiswahili, lugha iliyopata nguvu mjini baada ya reli kufika mwaka 1901? Au Kijaluo kilifuata mkondo wake chenyewe, kwa kuwa husema pia *goyo koko*, yaani kupiga kelele? Sarufi peke yake haiwezi kuamua, maana miundo yote miwili ni ya asili katika lugha hizo. Kinachoweza kuamua ni maandishi yenye tarehe: mabango ya studio, stakabadhi, bahasha za picha, na maneno ya ukumbusho yaliyoandikwa nyuma ya picha zenyewe.

Maandishi hayo hayana maktaba inayoyangoja. Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012, lakini karatasi zake zi salama. Za studio zetu zimo masandukuni mwa watu, na simu ya mkononi imekwisha kuwafundisha vijana kupiga picha isiyosafishwa kamwe. Idara za lugha, hasa zilizo karibu na Kisumu, zingefaa kuwatuma wanafunzi wakanakili maandishi hayo, tarehe zikiwemo, kabla wenyewe hawajayatupa. Kamusi hutupa maana ya *kusafisha picha*. Umri wa usemi huo tutaupata nyuma ya picha.