Simbi Nyaima: Ziwa na Kijiji Kilichozama

Msafiri afikaye Kendu Bay, katika mwambao wa Nyanza nchini Kenya, asitosheke na kulitazama Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Karibu na hapo liko ziwa jingine la mviringo, ambalo upana wake haufiki kilomita 1. Hakuna mto uingiao humo wala utokao. Maji yake ni ya magadi, nayo huonekana ya kijani kwa wingi wa mwani mdogo mno, ambao ndio chakula cha heroe wakusanyikao ukingoni. Ndilo Simbi Nyaima, lililotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2000.

Wazee husimulia kuwa mahali hapo palikuwa na kijiji chenye neema. Usiku mmoja, watu walipokuwa wakinywa pombe na kucheza ngoma, alitokea bikizee aliyelowa na kutetemeka, akaomba kuota moto. Walimfukuza kwa matusi. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, akampa chakula. Bikizee akamwonya ahame usiku ule ule pamoja na mumewe. Wako wasemao kwamba mume alishindwa kuiacha pombe, akaangamia. Wengine husema alifuatana na mkewe. Kisha mvua kubwa ikanyesha, na kijiji chote kikadidimia.

Wanajiolojia hutueleza kuwa shimo hili lilifumuliwa na mlipuko wa volkano. Hata Mlima Homa ulio jirani ni volkano ya kale. Mimi sioni kuwa maelezo hayo yanaifuta hadithi. Wenyeji walitambua kwamba palipo na maji haya palikuwa nchi kavu, na katika hilo hawakukosea. Walichoongeza ni sababu, na humo ndimo mna historia yao. Katika nchi isiyokuwa na nyumba za wageni, kumnyima mpita njia moto usiku wa mvua kulikuwa karibu sawa na kumwua.

Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Wajaluo wa Kusini, aliyategemea sana masimulizi ya wazee. Mwanafunzi atakayekwenda Simbi na daftari lake asipoteze siku akitafuta nguzo za nyumba chini ya maji. Na awaulize wasimulizi, mmoja mmoja, habari za yule mume: kwa nini huyu amwache afe, na yule amwokoe?