Marungu: Joto la mpakani msimu wa kipupwe

IFIKAPO Julai, wakazi wa Nairobi hutoa makoti kabatini na kulalamikia mawingu yasiyoondoka hadi adhuhuri. Ilhali takriban kilomita 330 kwa barabara, mjini Voi, jua huwaka na joto la mchana hukaribia nyuzi 28.

Sababu ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Voi haifiki mita 600. Tena Juni hadi Septemba ni miezi ya kiangazi katika nyika hiyo, na usiku huwa na ubaridi wa kupendeza. Hata hivyo, wengi wanaokimbia kipupwe hupita hapo kwa kasi kuelekea Mombasa, ambako wakati huo pepo za kusi huchafua bahari na manyunyu si haba.

Wadi ya Marungu imo katika eneobunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta, inayopakana na Tanzania. Kituo chake cha biashara ni Maungu, yapata kilomita 30 kutoka Voi kwenye barabara kuu ya Mombasa. (Majina haya mawili hutatanisha hata chumba cha habari: Marungu ni wadi, Maungu ni mji wenye maegesho ya malori.) Asiye na gari anaweza kupanda treni ya asubuhi inayosimama Voi, kisha akaunga safari kwa matatu.

Marungu imekaa kati ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Ndovu hawajui mipaka iliyochorwa na serikali. Huvuka kutoka mbuga moja hadi nyingine kupitia ranchi za eneo hilo, ikiwemo Rukinga, ambayo leo ni hifadhi ya wanyamapori. Mgeni hufurahia kuwaona. Mkulima aliyeamka akakuta mahindi yake yamekanyagwa ana maoni tofauti, na msafiri mwenye adabu hana budi kumsikiliza pia.

Kutoka Maungu, barabara ya vumbi huelekea kusini hadi Mlima Kasigau, unaochomoza ghafla katika tambarare na kufikia mita 1,641. Chini ni vichaka vya miiba na mibuyu. Kileleni ni msitu wa ukungu unaodondosha maji hata nyika inapokauka. Vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule na Makwasinyi vimeuzunguka mlima huo, na wanawake wa huko husifika kwa kusuka vyondo vya katani. Ununuzi wa chondo mkononi mwa msusi mwenyewe huacha fedha kijijini, jambo ambalo ada ya kuingia mbugani haliwezi kuhakikisha.

Mpaka ulio karibu uliwahi kuwaletea wenyeji balaa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walivuka ili kuhujumu reli ya Mombasa. Mwaka 1915 Waingereza, wakiwashuku wakazi wa Kasigau kwamba wamemsaidia adui, waliwahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walifia huko kwa maradhi, na waliosalia hawakurudi mlimani hadi miaka ya 1930. Mwenyeji anayemwongoza mgeni kilimani huenda ni mjukuu au kitukuu wa mmoja wao.

Anayekusudia kupanda mlima na aanze alfajiri, akiwa na mwongozaji wa kijijini na viatu vinavyoshika mawe. Maji abebe ya kutosha tangu Voi. Bomba linalotoa maji chemchemi za Mzima hadi Mombasa hupitia kaunti hii, lakini vijiji vingi havionji hata tone lake, na si haki mgeni kumaliza mtungi wa mwenyeji wake. Jioni asitembee kwa miguu wala kwa bodaboda baada ya magharibi, kwa kuwa huo ndio wakati ndovu wanapovuka barabara.