Spektroskopia ya Raman kwa nyuzi za kioo

Spektroskopia ya Raman kwa nyuzi za kioo ni njia ya kutambua dutu kwa kuimulika leza kupitia uzi mwembamba wa kioo (faiba) na kupima nuru inayotawanywa na dutu hiyo. Jina linatokana na mwanafizikia C. V. Raman wa Uhindi, aliyetangaza ugunduzi wake mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930.

Msingi

Nuru inapogonga molekuli, karibu yote hutawanyika bila kubadilika rangi. Takriban fotoni moja tu kati ya milioni kumi hubadilika urefu wa wimbi, kulingana na mitetemo ya molekuli. Mabadiliko hayo hupimwa kwa kizio cha cm⁻¹, na kila dutu ina mpangilio wake. Kwa kuwa ishara ni dhaifu, ubora wa kipimo hutegemea jinsi nuru inavyokusanywa.

Kuboresha ukusanyaji wa nuru

* Kutenganisha nyuzi: silika ya uzi hutoa ishara yake yenyewe ya Raman, inayoweza kufunika ile ya sampuli. Hivyo uzi mmoja hupeleka leza na nyingine hurudisha nuru.
* Vichujio: kimoja huondoa ishara ya silika kabla leza haijafika kwenye sampuli, kingine huzuia leza iliyoakisiwa isirudi.
* Mpangilio: mara nyingi nyuzi sita huzunguka ule wa leza. Upande wa spektromita hupangwa mstari mmoja ili nuru yote ipite kwenye mwanya mwembamba.
* Urefu wa wimbi: leza ya nanomita 785 hupunguza mng'ao unaoficha ishara, ingawa ishara nayo hupungua kadiri wimbi linavyorefuka.

Matumizi katika vito

Tanzanaiti, aina ya madini ya zoisiti, huchimbwa Mererani, mkoani Manyara, na kwa miaka mingi imeuzwa Arusha. Kioo cha rangi na forsteriti ya kutengenezwa vimewahi kuuzwa kwa jina lake. Forsteriti huonyesha mistari miwili karibu na 824 na 856 cm⁻¹, kioo huonyesha mikanda mipana, na zoisiti ina mistari tofauti na hivyo vyote. Mnunuzi anaweza kujua ukweli bila kito kukwaruzwa. Hata hivyo, kipimo hicho hutambua aina ya madini tu, si bei yake.