Seneti ya Marekani: Kura 60 Zilitoka Wapi?

Chama kinaweza kushinda urais wa Marekani, kikapata wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge, na bado mswada wake ukakwama. Katika Seneti, miswada mingi haifiki kwenye kura ya mwisho mpaka maseneta 60 kati ya 100 wakubali mjadala ufungwe. Wengi hudhani kanuni hiyo iliwekwa na waasisi wa taifa. Sivyo, Katiba haina kifungu hicho.

Mwaka 1806 Seneti ilipunguza kanuni zake na kufuta hoja iliyoweza kutumika kumaliza mjadala. Miaka ilipopita, waliojua watashindwa kwa kura wakauona mwanya: seneta akishika zamu ya kusema, hakuna wa kumnyamazisha. Mbinu hiyo ndiyo filibasta. Mwaka 1917, baada ya maseneta wachache kukwamisha mpango wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara, ilikubaliwa kwamba theluthi mbili ya kura ifunge mjadala.

Filibasta ilitumiwa sana na maseneta wa Kusini kulinda ubaguzi wa rangi. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond alisema mfululizo kwa saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za kiraia, ambayo ilipita hata hivyo. Mwaka 1964 mswada mwingine wa haki hizo ulizuiwa siku 60 za kazi. Tarehe 10 Juni, seneta Clair Engle wa California, aliyeugua uvimbe wa ubongo, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake liliposomwa, sauti haikutoka. Akanyanyua mkono, akaonyesha jicho lake: ishara ya ndiyo. Mjadala ukafungwa kwa kura 71 dhidi ya 29.

Mwaka 1975 kiwango kilishushwa hadi 60. Siku hizi kukesha ukihutubia si lazima; tishio tu latosha. Mwaka 2013 Democrats waliondoa kikwazo cha kura 60 kwa teuzi nyingi, na 2017 Republicans wakakiondoa kwa majaji wa Mahakama ya Juu, jaji Neil Gorsuch akapita.

Kila chama huisifu filibasta kikiwa na wachache na kuilaani kikiwa na wengi. Lakini mabadiliko ya 2013 na 2017 yalipitishwa kwa wingi wa kawaida tu. Kura 60 zinadumu kwa hiari ya maseneta wenyewe. Siku wakizichoka, 51 zinatosha kuzizika.