Rutuba ya bustani tunaichoma kila asubuhi

Kila kukicha, kuanzia Vanga hadi Kiunga, ufagio hupita uani na moshi hufuata. Majani ya mwembe, mkungu na mkorosho hukusanywa pembeni yakatiwa kiberiti. Mvua za Aprili zikianza, mwenye ua huo huo huenda dukani kupimiwa mbolea kwa kilo ili aoteshe mchicha na bamia. Hesabu hii haiwiani, na sababu iko kwenye mchanga tunaoukanyaga.

Sehemu kubwa ya ardhi yetu iliyo karibu na bahari ni mchanga mtupu. Chembe zake ni kubwa, maji hupita kama kwenye kung'uto, na hakuna cha kukishikia chakula cha mimea. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na fosforasi nyingi, lakini hauna hata ukufi wa kitu kilichooza. Ikinyesha mvua kubwa ya masika, naitrojeni hiyo huzama haraka kupita mizizi, na kwa wenye visima vifupi uani, huenda isizame mbali na ndoo. Siiti mbolea ya dukani sumu, kama wasemavyo wengine. Mwenye ekari 5 za mahindi ana hesabu zake. Ila kwa vitaru vya mboga nyuma ya jiko, ni kutia maji kwenye pakacha.

Ukitaka kujua hali ya udongo wako, jaza nusu chupa ya udongo, ongeza maji, tikisa, kisha iache. Ikiwa karibu wote umetuama ndani ya dakika moja na maji ya juu yamebaki meupe, ujue unalima mchanga. Dawa yake ni mboji.

Mboji hutengenezwa kwa vitu viwili: vikavu na vibichi. Vikavu ni hayo majani ya kufagia, mabua ya mahindi na makuti yaliyokatwakatwa. Vibichi ni maganda ya ndizi na viazi, magugu ambayo hayajatoa mbegu, na samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku. Anayeishi mjini na hafugi, soko lolote la mboga, Kongowea likiwa mfano, humwaga kila siku majani ya kabeji ambayo hakuna anayeyagombania. Wakati wa Idi ya kuchinja, yale majani yaliyomo tumboni mwa mnyama, ambayo huwa tunayafukia tu, huchangamsha fungu kuliko kitu kingine nijuacho. Nyama na mafuta usitie. Utaita paka na panya wa mtaa mzima.

Panga tabaka kwa tabaka, vikavu vizidi vibichi mara mbili au tatu, mpaka fungu lifike mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halipati joto. Nyunyizia maji liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kiwe cha moto mkononi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, ongeza majani makavu. Pindua kila wiki mbili. Kiangazi lifunike kwa makuti, na kuku wazuie, maana watalitawanya siku moja. Kwa joto letu, miezi 2 hadi 3 inatosha: mboji iliyoiva ni nyeusi, inamung'unyika, na hunukia kama ardhi baada ya mvua.

Tuta la mita 1 kwa mita 5 linataka wilibaro 4 hivi, zitandazwe unene wa sentimita 5 na kuchanganywa na udongo wa juu. Kabla ya kutandaza, waweza kufukia makumbi ya nazi chini ya tuta, tumbo likitazama juu. Hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole, na yana potasiamu. Juu ya tuta weka matandazo ya nyasi kavu. Mchwa watakuja, hilo kwetu halikwepeki, we ongeza nyasi tu.

Jivu ndilo linalohitaji tahadhari. Wengi hulimwaga kila mahali kwa kuambiwa ni mbolea. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, ambayo tayari ina chokaa nyingi, jivu huzidisha ukali huo, mmea ukashindwa kunyonya madini ya chuma na majani machanga yakageuka manjano.

Mboga zikimalizika, panda kunde, pojo au mbaazi. Mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Pasua kimoja, ukiona wekundu ndani ujue kazi inafanyika. Ukishavuna usizing'oe: kata shina, mizizi ioze humo humo.

Fungu litakaloanzishwa mapema Januari litakuwa tayari kabla ya masika, na la Julai litawahi vuli.