Vyungu Vyenye Matundu

Chai ya maziwa ilinitoa darasani kabla karo haijanitoa chuo. Nilidhani tumbo langu ndilo bovu. Kumbe shida ni ya kale.

Mwaka wa 2012, watafiti walitangaza kwamba vigae vyenye matundu vilivyofukuliwa Poland, vya miaka 7,000 hivi, vina mafuta ya maziwa. Yaani vilichujia jibini. Enzi hizo, watu wazima wengi Ulaya hawakuweza kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa. Maji yakichujwa, huondoka na sehemu kubwa ya laktosi. Inayobaki, bakteria huigeuza asidi jibini ikikomaa.

Ndiyo maana dukani naruka jibini laini, nasoma umri. Parmigiano Reggiano hukomazwa angalau miezi 12. Bei ni moto, lakini kipande kidogo hakinisumbui.