Wakfu, Si Taasisi

Neno taasisi, ambalo baadhi ya kamati za istilahi hulipachika kwa kila chombo kilichoanzishwa na tajiri ili mali yake igharimie shughuli za manufaa ya umma, halikielezi chombo hicho hata kidogo. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuweka msingi, ndugu wa asisi na mwasisi, na kwa hiyo kila kilichoasisiwa huweza kuitwa taasisi: benki, hospitali, chuo, hata TAKUKURU, ambayo kazi yake ni kupambana na rushwa wala si kugawa mali ya mtu. Istilahi inayobeba vyote hivyo haibainishi kitu, na inasikitisha kwamba wanaoipitisha ni wataalamu wa lugha.

Wakfu limetokana na mzizi wenye maana ya kusimama na kusimamisha: mali husimamishwa, isiuzwe wala isirithiwe, na pato lake likatumiwa kwa kusudi alilolitaja mwenyewe. Watu wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa mashamba na nyumba, Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Wakristo nao huwaweka wakfu maaskofu wao, hivyo hoja kwamba neno hili ni la dini moja haina mashiko.

Ufaafu wake unadhihirika katika kazi ya Paul Brest, mwanasheria wa Marekani aliyekuwa mkuu wa Kitivo cha Sheria cha Stanford kuanzia 1987 hadi 1999, kisha rais wa Wakfu wa Hewlett kuanzia 2000 hadi 2012. Katika Money Well Spent, kitabu alichokiandika pamoja na Hal Harvey mwaka 2008, mfadhili anatakiwa kutaja lengo, kupanga njia ya kulifikia na kupima matokeo, kwa kuwa kutoa peke yake hakutoshi. Sharti hilo humwangukia mtu anayesimamia mali isiyo yake, yaani mutawali hasa, msimamizi wa wakfu.

Wapinzani wa neno hili, wakidai kwamba mali ya wakfu lazima idumu, hupenda kutaja shirika la ufadhili la Atlantic Philanthropies, lililotumia mtaji wake wote likafungwa mwaka 2020, wakisahau kwamba wanazuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Kimaliki waliruhusu wakfu wa muda.

Katika matumizi, basi, iandikwe Wakfu wa Ford na Wakfu wa Rockefeller, kama magazeti ya Kenya yanavyoandika, na fedha zitolewazo ziitwe ruzuku.